Jino la Milimita Sita

Ubao ulikuja Soroti kwa mkokoteni wa ng'ombe,
umefunikwa magunia,
na Bi Acom akitembea kando yake
kama mtu anayesindikiza mgonjwa.
Mvule. Ulianguka wenyewe, akasema,
usiku wa mvua, haukugusa hata banda la kuku.
Nataka meza. Watu wanane.
Ukingoni mnichoree majani ya kunde.

Nikachora majani ya kunde.
Siku mbili mbele ya kompyuta,
nikikuza mshipa, nikipunguza mshipa,
mpaka Ejoku, aliyeshika randa kabla sijazaliwa
na ambaye huiita mashine yangu mkamwana
(inakula umeme, inapiga kelele, jikoni haipajui),
akauliza kama zitachumwa lini.

Tukaukaza ubao kwa jiriwa sita.
Nikagusisha ncha ya jino juu ya mbao,
nikaiambia mashine: hapa ndipo sifuri.
Mashine haiulizi kwa nini hapa.
Ikashuka, ikaanza kula,
maranda yakaruka ya manjano, kisha ya hudhurungi,
na vumbi la mvule, kali kama pilipili kavu,
likatupigisha chafya kwa zamu.

Jani la kwanza. La tisa. La ishirini na mbili.
Kwenye mstari wa elfu nne mia moja na sita
chuma kikalia.

Ejoku alishatupa randa chini
kabla mkono wangu haujafika kwenye kitufe chekundu.
Jino limekatika shingoni.
Shilingi laki moja na arobaini, tena linatoka Kampala
kwa basi la usiku, kama utingo hatalisahau.

Nilidhani msumari.
Watu hupigilia miti misumari:
kamba za nguo, mabango ya uchaguzi.
Ejoku akachukua patasi, akachokoa taratibu
kama anayemtoa mtoto funza,
kikatoka kitu kifupi, kimeota kutu ya kijani,
na mbao iliyokizunguka nyeusi kama wino.
Hakukitaja jina.
Akakiweka kwenye kifuniko cha kopo la gundi.

Bi Acom alifika kwa bodaboda, vumbi hadi kwenye nyusi.
Akatazama kifuniko.
Akaomba tuusimamishe ubao:
hapana, geuzeni, huo ndio upande wa shinani,
na huu ndio uliotazama mlango.
Tukageuza. Akasogea, akasimama nao bega kwa bega.
Shimo lilimfika kwenye sikio.
"Alikuwa mrefu kunishinda," akasema,
na sisi tukashika ubao
hata pale ambapo haukuhitaji kushikwa.

Kisha: "Hilo jino ni bei gani?"
"Tulikuwa nalo jingine," akasema Ejoku,
na ule ndio uongo pekee niliowahi kumsikia akiusema
bila kukohoa.

Mimi nilishapanga kuziba:
kipande cha mvule, gundi, unga wa msasa,
hakuna jicho ambalo lingeona.
"Msizibe," akasema. "Hapo nataka chumvi."

Nikafuta jani la ishirini na tatu.
Nikachora duara, kipenyo milimita sitini,
kina ishirini na mbili, midomo ya mviringo
ili kidole kisikwaruzike.
Halikai katikati ya meza. Liko ukingoni, kushoto,
na wa mwisho mezani atalazimika kuinuka kidogo,
kunyoosha mkono juu ya sahani za wenzake.
Nilimwambia. Akasema, wainuke.

Jino jipya lilifika Alhamisi.
Duara lilichukua dakika nne,
umeme ukakatika ya tano,
na Ejoku akapaka mafuta gizani, kwa kiganja,
akasema: leo mkamwana kapika.

Meza iliondoka miguu juu, ng'ombe wale wale.
Kifuniko hakukiulizia.
Kiko rafuni bado, na kilichomo kimo.
Gundi ya kopo lile ilikauka yote kwa kukosa kifuniko.
Tumenunua nyingine.